Kapteni Muungwana na Watu wa Chini

Nimestaafu. Najua neno hilo kwa kawaida huandikwa na watu wenye mvi, waliopewa saa ya ukutani na hotuba ya mkurugenzi. Mimi umri wa kuitwa mzee kwa heshima sijaufikia. Wanaoniita mzee ni wapiga debe wa stendi ya Msamvu, na wao humwita hivyo kila mwenye begi. Lakini kazi ya kutafsiri filamu kwa mdomo, ukumbini, mbele ya watu wanaotafuna karanga, ina uzee wake, na koo langu limeufikia. Daktari amenishauri ninyamaze. Wengi wamewahi kunipa ushauri huo, ila yeye ni wa kwanza kuutoa kwa sababu za kiafya.

Nawaandikia ninyi mnaoanza sasa, mnaorekodi chumbani mkiwa peke yenu na kupakia mtandaoni, bila kuona sura ya hata mtu mmoja anayewasikiliza. Habari za kupanda cheo sitawapa, kwa kuwa kazi hii ina vyeo viwili tu: aliyeshika maiki na anayeisubiri. Nitawaeleza nilivyoanza, vifaa tulivyotumia, aliyenifundisha, na siku moja ya Idi ambayo hadi leo nikiifikiria nashindwa kuamua kama tulifanya kazi nzuri au tulidanganya watu. Huenda mtaamua ninyi. Mna kompyuta.

Nilitoka chuo na shahada ya sosholojia, yaani shahada ya kuchunguza kwa nini vijana hawana ajira. Nilipohitimu nikapata nafasi nzuri sana ya kuendelea na utafiti huo, kwa vitendo, nyumbani kwa shangazi yangu Kihonda. Shangazi alivumilia utafiti huo kwa muda wa kutosha, kisha akanituma nimpelekee jirani yake wa zamani, Maganga, sufuria lake aliloazima. Nilipeleka sufuria nikabaki hukohuko.

Maganga alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Chumba chake cha kurekodia kilikuwa nyuma ya stendi, ukutani amegongelea magodoro ya sufi ili kuzuia honi za mabasi, na honi ziliingia vilevile. Feni ilikuwepo lakini ilikuwa marufuku kuiwasha wakati wa kazi. Maiki ilivalishwa soksi ya mtoto ili isipokee pumzi, na mwenye chumba alisisitiza mara ya kwanza tulipoonana kwamba soksi ile hufuliwa. Kulikuwa na chupa ya chai ya tangawizi, projekta ya akiba iliyokufa, na kiti kimoja. Nilisimama.

Aliniuliza kabila langu. Nikamwambia mimi ni Mluguru wa Matombo.

"Basi wewe mtani wangu," akasema. "Nikikutukana usiende kushitaki. Digrii umesomea nini?"

Nikamweleza sosholojia ni nini. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, halafu akasema kwao Urambo kazi hiyo hufanywa na mawifi.

Hakunipa maiki siku hiyo, wala mwezi huo. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni yake ukumbini na kumnong'oneza maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na Kiingereza chake hakikuwahi kuwa na nguvu. Yeye alichukua nilichonong'ona, akakiangalia kama mtu anayechagua nyanya sokoni, na kutoa alichotaka. Nilipomnong'oneza, "Naona uhusiano wetu umekosa mwelekeo," ukumbi ulisikia, "Dada anasema, miaka yote hii hata kujitambulisha kwetu hujaja." Wanaume wakainamisha vichwa. Nilimwambia hiyo si tafsiri. Akaniuliza kama wamecheka au wamelia. Nikasema wamenyamaza. Akasema basi wameelewa.

Nilikuwa na maswali mengi. Kwa nini kila jambazi wa Kichina aitwe Kipara hata akiwa na nywele? Kwa nini busu likikaribia tunaanza kueleza hali ya hewa ya nchi ile? Hili la pili alinijibu: kuna baba mkwe amekaa benchi la tatu. Hilo la kwanza hakulijibu kamwe.

Sheria za kazi zilikuwa mbili, na nazieleza hapa kwa sababu bila hizo hamtaelewa kilichotokea. Ya kwanza: mtaje steringi, yaani mhusika mkuu wa picha, kabla kikombe cha kwanza cha kahawa hakijapoa. Watu wa ukumbini hawaangalii filamu, wanamsindikiza mtu. Wakishajua wanayemsindikiza, watavumilia hata projekta ikizima. Wasipojua, watatoka nje kununua miwa. Ya pili: ukumbi ukiuliza, mtafsiri anajibu. Si baadaye, si kwa kusema tutaona mbele. Anajibu palepale, kwa sauti ileile, kana kwamba swali limo ndani ya picha. Asipojibu, watu watajijibu wenyewe, na watu wakishazoea kujijibu wenyewe mtafsiri anageuka kelele. Chuoni nilifundishwa kwamba swali zuri ni bora kuliko jibu. Ni dhahiri walimu wangu hawakuwahi kukaa mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Ukumbi wetu mkubwa ulikuwa wa Mama Zubeda, kule Chamwino. Bati, mabenchi, pazia jeusi mlangoni, na maiki yetu ikining'inia kwenye msumari ukutani, mahali pake maalumu alipoitundika marehemu mume wake. Mama Zubeda alikuwa na mtoto wa kiume, Hamisi, aliyekuwa na mawazo ya maendeleo. Mawazo yenyewe yalikuwa mpira. Ligi za Ulaya, king'amuzi, skrini mbili, hakuna mtu wa kutafsiri kwa sababu goli halina lugha. Hamisi hakuwa mtu mbaya, alikuwa sahihi tu, jambo ambalo ni gumu zaidi kulisamehe.

Siku chache kabla ya Idi Mama Zubeda alimwita Maganga, akamkaribisha chai na vitumbua, na mimi nikajua kuna msiba, maana mama yule hakuwa mtu wa vitumbua vya bure.

"Maganga baba," akasema, "mimi na sauti yako hatuna ugomvi. Nimeizoea kama adhana. Lakini watu wanatoka. Picha haijaisha, wanatoka. Hamisi ananionyesha, na macho ninayo."

Kisha akatoa hukumu yake, polepole. Idi pili, mchana, mji umejaa, watu wa milimani wameshuka, watoto wana nguo mpya. Maganga atafsiri picha moja. Watu wakikaa hadi mwisho, maiki itabaki. Wakitoka, maiki inashuka ukutani, na Hamisi anapandisha skrini yake ya pili kwenye msumari uleule. Akaomba iwe picha ya vita, kwa kuwa vita hujaza, lakini isiwe ya damu, watoto watakuwepo.

Tulirudi Msamvu kwa miguu. Maganga hakutania njia nzima, na Mnyamwezi anayetembea na Mluguru bila kumtania ni mgonjwa. Alikuwa na kaka zake Urambo waliokuwa wakimpigia simu kila mwaka arudi akalime tumbaku. Tulipofika mlangoni akasema, "Nirudi nikaisimulie tumbaku?" Alikuwa ametumia ujana wake wote katika mji huu akiwa sauti ya watu wengine, na nje ya ukumbi ule hakuna mtu aliyeijua sura yake. Hilo nililiona mimi, yeye asingelisema.

Vita bila damu. Nendeni mkaitafute. Tulipekua flashi zote, na katika vita zote watu walikuwa wanakufa, kwa mazoea yao. Mwishowe rafiki wa Maganga, muuza filamu pale stendi, akatupa picha moja ya zamani ya Kijerumani yenye maandishi ya Kiingereza chini. Tukakaa tukaiangalia, mimi kwenye kiti maana siku hizo nilishapata kiti.

Habari yenyewe ni hii. Kuna meli ya mizigo, kuukuu, ina kutu, inatembea baharini na bendera ya nchi isiyo na ugomvi na mtu. Kwenye sitaha kuna mwanamke anasukuma kigari cha mtoto. Ukimsogelea mwanamke huyo ana ndevu. Ni baharia. Ndani ya kigari hamna mtoto, na chini ya maturubai yale mnayodhani yamefunika magunia kuna mizinga. Meli ya kweli ya mizigo ikipita karibu, hawa wanashusha bendera ya uongo, wanapandisha ya kwao, wanapiga bomu moja mbele ya pua yake. Ndipo anatokea kapteni. Mrefu, mpole, glavu nyeupe. Anawapokea mateka kwa saluti, anamrudishia kapteni mwenzake darubini yake, anaagiza chai. Halafu anaizamisha meli yao, kwa masikitiko makubwa. Kesho yake wanapaka meli rangi nyingine, wanasimika dohani la mbao, wanakuwa nchi nyingine.

"Huyu hapa," Maganga akasema, na macho yakamng'aa mara ya kwanza wiki ile. "Steringi. Muungwana. Hamwagi damu."

Nikamwuliza muungwana kwa lipi. Anavaa bendera za watu, anavizia wachuuzi, anazamisha chakula ambacho mahali fulani kuna watoto wanakisubiri, halafu anamimina chai. Nikasema hii ni sawa na mtu anayekubomolea nyumba kisha anakushika mkono usijikwae kwenye matofali. Nikasema jambazi akikuamkia shikamoo kabla ya kukupora bado ni jambazi, ila amelelewa vizuri. Nikaongeza kwamba watengenezaji wa picha kama hizi wana ugonjwa mmoja: vita ikishaisha, kila upande unagundua kwamba ulikuwa na kapteni mstaarabu.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Mluguru, watu wanataka steringi. Wewe unataka kesi. Idi pili hakuna mahakama."

Hilo la mahakama lilikuwa kweli. Tukaiangalia mara ya pili nikaandika tafsiri ya maneno magumu ya baharini, ambayo Maganga aliyakataa yote. Kwake upande wa kushoto wa meli ulikuwa upande wa kushoto.

Idi pili ukumbi ulijaa hadi pazia likashindwa kufunga. Walikuwepo mafundi wa kiwanda cha Mzinga na familia zao, vijana wa stendi, na benchi zima la watu walioshuka kutoka juu kwenye ndizi na pilipili manga. Katikati ya hao alikaa Bi Chausiku, mwanamke wa makamo anayeuza ndizi njia ya Bigwa, amejifunga kanga mpya, mjukuu mapajani. Hamisi alisimama nyuma na rimoti mkononi. Mechi yake ilikuwa inaanza baada ya picha yetu. Alikuwa na subira ya mtu anayeusubiri urithi.

Maganga alianza vizuri. Nasema hivyo nikiwa mtu nisiyemsifia mtu ovyo. Mwanamke mwenye ndevu alipotokea, aliwaacha waone wenyewe, akanyamaza, na kicheko kilianzia kwa watoto kikapanda hadi kwenye bati. Kapteni alipotokea akasema kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye mtu wetu leo. Muangalieni mikono. Hajawahi kumpiga mtu asiyejitetea." Kahawa ilikuwa bado inatoa moshi. Ukumbi ukamchukua kapteni, ukamweka begani. Aliporudisha darubini ya mwenzake, mtu mmoja wa Mzinga akasema ndio ubinadamu huo, na wengine wakaitikia. Mimi nilinong'ona kilichoandikwa, na dharau yangu nilibaki nayo mwenyewe, kazini hailipwi.

Kisha ikaja meli ya tatu. Ilikuwa meli kubwa ya Waingereza, na ilipopigwa wafanyakazi wake wakapanda juu mikono hewani. Wazungu walitangulia, makoti yamefungwa vifungo. Nyuma yao wakatoka watu wengine, weusi, kama kumi hivi, vifua wazi, mavumbi ya makaa mwilini. Hao ndio waliokuwa wakichochea moto kule chini. Kamera iliwapita haraka, kama mtu apitaye mbele ya duka asiloweza kununua kitu. Wakavushwa kwenye meli ya kapteni wetu, baharia mmoja akawaelekeza kwenye mlango mdogo wa chuma, wakashuka. Mlango ukafungwa. Picha ikahamia kwenye chai.

Chai ikanywewa. Makapteni wawili wakazungumza kuhusu wake zao. Mazungumzo yakawa marefu, na katika kimya cha ukumbi nikasikia sauti ya Bi Chausiku, wala haikuwa ya ugomvi.

"Na wale weusi wameenda wapi?"

Mimi nilikuwa nimeiona picha ile mara mbili. Nilijua jibu. Hawatokei tena. Si kwenye chakula, si kwenye mazishi ya kijeshi, si mwisho. Nikamgeukia Maganga nimnong'oneze, lakini sheria ni sheria, ukumbi umeuliza, na yeye alishajibu.

"Wako chini, mama. Wamepewa chumba chao. Wanakula ubwabwa."

Ukumbi ukaridhika. Mtu akauliza ubwabwa na nini. Maganga akasema na nyama, hata kwao ni sikukuu. Wakacheka. Bi Chausiku akasema haya, alhamdulillah. Nikaketi vizuri na kujisemea kwamba ndivyo uungwana unavyotengenezwa: mtu mmoja anafunga mlango, mwingine anawapikia waliofungiwa.

Kosa hilo, wadogo zangu, asingelifanya mtafsiri mwingine popote duniani. Mwandishi wa maandishi ya chini hawezi kulifanya, yeye hana wa kumwuliza. Mzungu aliyeitengeneza picha hawezi, yeye hakuwaona. Ni sisi tu, tunaojibu. Maganga alikuwa amewaweka watu kumi chini ya meli, hai, wanakula, na ukumbi mzima unajua.

Mnajua meli hizi huishia wapi.

Manowari ya Waingereza ikaja. Kubwa, ya kijivu, haina maturubai. Kapteni wetu akasimama juu, akaitazama, akavua glavu moja, akaivaa tena. Akaamua meli yake isitekwe. Akaagiza itobolewe izame, na kwa kuwa ni muungwana akaagiza watu wote washuke kwenye mashua kwanza. Muziki ukapanda. Mabaharia wakashuka. Wazungu mateka wakashuka, wengine wakimpa mkono. Maganga akaingiza machozi kwenye sauti, na machozi hayo alikuwa nayo ya kweli, maana zilikuwa zimebaki dakika chache na hakuna aliyekuwa ametoka.

"Na wale wa chini?" akauliza Bi Chausiku.

Safari hii hakuuliza kwa upole. Kwao mlimani, kundi likivuka mto uliojaa, kuna mtu mmoja anayesimama kuhesabu vichwa mpaka wa mwisho akanyage nchi kavu. Nadhani alikuwa amehesabu tangu mwanzo.

"Kweli," akasema yule wa Mzinga. "Wale wa ubwabwa."

"Wamefungiwa!"

"Mtu wako anazamisha watu, Maganga."

Benchi la mbele likasimama. Maganga alikohoa, akainua mkono. Kwenye picha kapteni alikuwa amegeuka na kuteremka peke yake ndani ya meli inayozama, na mimi nikakumbuka anachokwenda kufanya, nikamvuta Maganga shati. Yeye alikuwa amesahau, na nilichelewa.

"Tulieni," akasema. "Mnadhani ni mtu wa kusahau? Anawafuata. Anakwenda kufungua mlango. Muangalieni, maji yamefika magotini."

Ukumbi ukakaa chini. Mjukuu wa Bi Chausiku aliacha kunyonya pipi. Kapteni akatembea kwenye korido, maji yakapanda, akafungua mlango, akaingia. Tukasubiri. Akatoka.

Alikuwa amembeba mbwa.

Mbwa mdogo, mweupe, wa baharia fulani. Akampandisha juu kifuani, akamfunika na koti lake, akashuka naye kwenye mashua. Watu wa mashuani wakapiga makofi. Muziki ukafanya kila uwezalo.

Nimeshiriki mikutano ya chuo yenye fujo, na nimeishi karibu na stendi. Sijawahi kusikia ukumbi ukinyamaza vile halafu ukalipuka vile. Mtu mmoja alisema neno moja tu, "Mbwa," kisha akalirudia kwa wenzake kama shahidi. Mzee mmoja wa msikitini alishika kanzu yake isimguse jirani, utadhani mnyama yumo ukumbini. Mama mmoja akachukua watoto wake. Pazia likafunguliwa, mwanga ukaingia, na nyuma nikamwona Hamisi akitazama rimoti kwa upendo.

Maganga akakohoa tena na safari hii haikuisha. Alijaribu kusema, ikatoka hewa. Akanipa maiki. Hivyo ndivyo nilivyopata cheo, kama mnataka kujua.

Ningeweza kudanganya. Kwenye picha kulikuwa na mashua kwa mbali ndani ya moshi, na projekta yetu ilikuwa dhaifu kiasi kwamba ningesema ndio wale pale na nusu ya watu wangekubali. Maganga alikuwa ananionyesha ile mashua kwa kidole. Lakini mimi tangu utoto nina tatizo, mtu akiuliza swali zuri nashindwa kumpa jibu baya. Nikasema kwenye maiki kwamba hawamo. Si kwenye mashua ile wala nyingine. Hakuna ubwabwa, hakuna chumba. Walioitengeneza picha hii waliwashusha wale watu kwenye mlango ule, wakafunga, na wakawasahau, kwa sababu walikuwa wanashughulika na uungwana.

Sauti yangu kwenye spika ilikuwa nyembamba kuliko nilivyotarajia.

"Wamewasahau," Bi Chausiku akarudia.

"Ndiyo, mama."

"Wewe umesoma. Basi wamekufa?"

"Sijui. Hawakuandikwa."

Hilo lilikuwa jibu la kweli, sahihi, lenye msingi, na lilifukuza watu. Wengine wakaanza kuinuka, si kwa hasira sasa, kwa uchovu, kama wanaotoka kwenye ofisi ambako wameambiwa waje kesho. Kwenye skrini majina ya watengenezaji yakaanza kupanda. Niliyasoma, kwa mazoea. Alitajwa fundi seremala wa dohani la mbao. Alitajwa msuka nywele. Alitajwa mtunza mbwa.

Maganga akaninyang'anya maiki. Hakuwa na sauti tena, alikuwa na kitu kama mkwaruzo wa jembe kwenye changarawe, na ilibidi watu wanyamaze ili wamsikie.

"Picha ya Wazungu imeishia hapo," akasema. "Anayewataka Wazungu aende. Mimi nabaki na wale wa chini."

Waliokuwa mlangoni wakasimama.

"Wale ni watu wa moto. Maisha yao yote wako chini, wanaijua meli kwa tumbo, si kwa sitaha. Mnadhani watasubiri mtu mwenye glavu aje kuwafungulia? Walipoingia tu, mmoja wao, yule mrefu, aliweka koleo la makaa kwenye bawaba ya mlango. Mlango ule haukufunga. Nyie mliona umefunga. Mimi nawaambia haukufunga."

"Yule mrefu anaitwa nani?" mtu akauliza.

"Mkude," akasema Bi Chausiku, jina la Kiluguru hasa, na benchi la watu wa mlimani likacheka na kukubali.

Mimi nilikuwa na maswali kadhaa ya kitaaluma. Mluguru amefikaje kwenye meli ya Waingereza? Bawaba ipi? Nani amekwambia? Niliyameza, na hadi leo sijajua kama ilikuwa heshima au woga. Maganga akaendelea. Skrini ilikuwa imeshakuwa nyeupe tupu, na mwanga wake ulianguka kwenye nyuso za watu wote waliogeuka upande wetu, kwa mara ya kwanza wakimtazama aliyekuwa anasema. Mkude na wenzake walikuwa wametoka upande wa nyuma, kwenye moshi, wakakata kamba ya mashua ambayo hakuna aliyeihitaji. Ukumbi ukauliza wana maji ya kunywa. Akajibu. Ukauliza nani hajui kuogelea. Akajibu, na akamkalisha huyo katikati. Yule wa Mzinga akataka kujua kama manowari imewaona. Imewaona, Maganga akasema, lakini imedhani ni magogo. Waliokuwa wamesimama mlangoni wakarudi, wakakaa popote, na mtu wa mwisho kuingia alivuta pazia nyuma yake.

Walikuwa bado wako katikati ya bahari, na zamu ya kupiga kasia imemwangukia mgonjwa wao, Hamisi alipopita kando ya ukuta kwenda kwenye king'amuzi. Mechi ilikuwa imeshaanza. Aliinua rimoti.

Mama Zubeda, ambaye sikujua kama alikuwa amekaa humo ndani muda wote, akamshika mkono.

"Subiri kwanza," akasema. "Hawajafika nchi kavu."